Mhariri, "Access is denied" siyo mtandao kukatika

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu, na kama barua ni ndefu kata unapoona panafaa ila ile sehemu ya saa naomba usiiguse.

Mi ni fundi kompyuta, nazunguka kwenye maofisi madogo madogo na mashule, na kuna kauli imenichosha, "mtandao hamna, njoo kesho". Mwananchi katoka mbali, kakaa benchi toka asubuhi, anaambiwa mtandao hamna, na mara nyingi ukichungulia skrini ya yule dada wa kaunta unakuta kiboksi kimeandika Access is denied, au kinasema jina au paswedi siyo sahihi. Sasa huo siyo mtandao kukatika jamani. Mtandao ungekuwa umekatika Windows ingekwambia kitu kingine kabisa, ingekupa erra 53 kwamba njia ya kwenda kwenye seva, ile kompyuta kuu inayotunza mafaili na akaunti za ofisi, haionekani, au wakati wa kuingia ingesema hakuna seva ya kukupokea. Ukiona denied maana yake umefika, seva imekusikia, imekuangalia, imekukatalia. Ni kama umefika getini mlinzi akasema wewe humu huingii, huwezi kugeuka nyuma ukasema barabara ni mbovu.

Na kukataliwa kwenyewe kuna namna mbili, watu wengi wanazichanganya, hata mafundi. Kuna seva kutokubali kwamba wewe ni wewe, hiyo ndo erra 1326, yaani jina na paswedi haviendani. Alafu kuna seva kukujua vizuri kabisa lakini kile unachotaka kufungua huna ruhusa nacho, hiyo ndo erra 5, Access is denied yenyewe. Dawa ya moja haitibu nyingine. Mtu ana erra 5 fundi anambadilishia paswedi mara tatu, paswedi haikuwa na shida toka mwanzo, kamsumbua dada wa watu bure.

Sasa nije kwa mafundi wenzangu na najua kuna watakaonuna. Kuna dawa tatu zinatumika mtaani kwa tatizo hili na zote mbovu. Ya kwanza kupiga windo upya, yaani kufuta Windows na kuiweka tena. Mashine inagoma kuingia kwenye seva, fundi hasomi hata kilichoandikwa, anachomeka flashi anapiga windo, nusu siku imekwenda, mafaili ya desktop ya mtu yamekwenda nayo, na akimaliza tatizo liko palepale kwa sababu lilikuwa kwenye akaunti na siyo kwenye mashine. Ya pili kumpa yuza wa kawaida cheo cha adimini wa domeini nzima, yaani msimamizi wa akaunti na kompyuta zote zilizo chini ya seva ile, ili "isisumbue tena". Na ya tatu ndo inaniuma zaidi, anafungua folda kwenye seva, anaweka Everyone, yaani kila mtu, anatiki Full Control, yaani ruhusa ya kufanya lolote, inafunguka, watu wanapiga makofi, anachukua hela yake anaondoka. Kuanzia siku hiyo mtu wa stoo anaweza kufungua mishahara ya wenzake, na anayefanya field wiki mbili anaweza kufuta hesabu za mwaka mzima kwa bahati mbaya, na hakuna atakayejua mpaka wakaguzi waje.

Na hapo sijagusa virusi vya kudai fidia. Mnakumbuka Mei 2017 kile kirusi cha WannaCry kilivyozunguka dunia kikipitia tundu la SMB ile ya kwanza, ndo njia hiyohiyo ambayo Windows za zamani zinashea mafaili. Virusi vya namna ile vikishaingia kwenye mashine ya mtu vinafunga kila faili ambalo yule mtu ana ruhusa ya kuliandika, hata yale yaliyoko kwenye seva. Kwa hiyo ukiwapa wote Full Control umekipa kirusi ofisi nzima kupitia mashine yoyote ile. Pia tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde, sasa Everyone Full Control kwenye folda yenye namba za NIDA na mafaili ya wagonjwa utaielezaje mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi?

Haya, ifanyweje basi. Kabla hujagusa kitu uliza, ni mtu mmoja au ofisi nzima, mashine moja au zote, folda moja au kila kitu, na imeanza lini. Alafu fanya jaribio la kijinga kabisa, mwambie mwenye tatizo aingie kwenye mashine ya jirani yake kwa akaunti yake, na jirani aingie kwenye mashine yenye tatizo kwa akaunti yake mwenyewe. Tatizo likimfuata mtu, shida iko kwenye akaunti au ruhusa. Likibaki kwenye mashine, shida iko kwenye mashine. Hapo umeshaondoa nusu ya kazi bila kuandika komandi hata moja, na nashangaa ni mafundi wangapi hawafanyi hivi wanakimbilia tu kupiga windo.

Likibaki kwenye mashine, angalia saa. Ndugu mhariri hapa ndo nilisema usikate. Mitandao ya domeini ya Windows, toka ilipokuja Active Directory, ile orodha kuu ya akaunti za domeini, na Windows 2000, inatumia kitu kinaitwa Kerberos kuhakikisha mtu ni yeye, ambapo unapewa tiketi na hizo tiketi zinaangalia muda. Saa ya mashine yako na ya seva zikipishana zaidi ya dakika tano, hiyo ndo mipaka inayokuja nayo yenyewe, tiketi inakataliwa. Sasa fikiria maofisi yetu, kompyuta imekaa miaka mingi, ile betri ndogo bapa ya madabodi, CR2032, imeshakufa siku nyingi, umeme unakatika usiku, asubuhi mashine inawaka inaamini tuko mwaka 2009. Yuza anaweka paswedi sahihi kabisa anakataliwa. Dalili yake ni kwamba hata tovuti zinaanza kulalamika kuhusu vyeti, na ukiangalia pembeni chini unaona tarehe ya ajabu. Weka betri, rekebisha saa, piga komandi ya kulinganisha saa, w32tm /resync, kazi imekwisha.

Lakini kuna moja la kijanja zaidi na hili nimelikuta sehemu nyingi. Saa inaonekana sawasawa na ya ukutani, saa mbili na robo asubuhi, kila kitu kizuri, na bado inagoma. Kumbe fundi aliyepiga windo aliacha ukanda wa saa wa Pasifiki kule Marekani, ambao ndo unakuja wenyewe ukichagua Kiingereza cha Marekani, alafu yuza alipoona saa imekosewa akairudisha kwa mkono mpaka ikalingana na simu yake. Kwa macho iko sawa ila kwa seva, ambayo inahesabu kwa saa ya dunia (UTC), hiyo mashine iko mbele masaa kumi au kumi na moja kutegemea na msimu wao huko. Na domeini ikimrekebishia saa yeye anaona imeharibika tena anairudisha, mchezo unaendelea mwezi mzima, kila mtu anamlaumu mwenzake. Chagua ukanda ulioandikwa Nairobi, UTC+3, ndo wetu pia, usitafute Dar es Salaam kwenye ile orodha hutaikuta. Na kama ofisi nzima imegoma kwa mpigo angalia saa ya seva yenyewe, maana mashine zote zinafuata ya kwake, na ya kwake lazima ifuate chanzo cha nje kinachoaminika.

Jingine la mashine ni lile la uaminifu. Watu hawajui kwamba kompyuta nayo ina akaunti yake kwenye domeini na ina paswedi yake ambayo inajibadilisha yenyewe kila siku 30. Sasa fundi akirudisha mashine kwenye nakala nzima ya zamani ya diski aliyoitunza, mashine inakuja na paswedi ya zamani, seva inaikataa, na ujumbe unasema uhusiano wa kuaminiana kati ya mashine na domeini umevunjika. Kwenye maabara za mashule ndo usiseme, fundi anatengeneza mashine moja anaikopi kwenye zote, majina yanabaki yaleyale, unakuta LAB-PC iko mara nne, ukiunga ya pili kwenye domeini ya kwanza inatupwa nje, ukiirudisha ya kwanza ya pili inatoka, walimu wanasema seva ina mapepo. Badilisha majina kwanza. Na kwa ile iliyopoteza uaminifu hakuna haja ya kupiga windo, ingia kwa akaunti ya adimini ya mashine yenyewe, fungua PowerShell, lile dirisha la kuandika komandi, andika Test-ComputerSecureChannel -Repair ukimpa na jina la adimini wa domeini, mara nyingi inarudi hapohapo.

Tatizo likimfuata mtu sasa, hapo kuna mengi. Kama ni 1326 usibahatishe, nenda kwenye Event Viewer, lile daftari la matukio la Windows, ya mashine iliyomkataa, na kama ukaguzi umewashwa utakuta tukio namba 4625 na ndani yake kuna kodi ya sababu. C000006A ni paswedi mbaya, C0000064 hilo jina halipo kabisa, C0000234 akaunti imefungwa kwa kukosea mara nyingi, C0000072 imezimwa, C000006F kaja nje ya masaa aliyoruhusiwa. Yaani jibu limeandikwa pale, na mtu anakaa nje anakisia! Na kama akaunti inajifunga kila baada ya muda hata ukiifungua, tafuta tukio 4740 kwenye seva ya domeini, litakutajia jina la mashine inayopeleka paswedi mbaya. Mara nyingi ni paswedi ya zamani iliyohifadhiwa mahali, kwenye Credential Manager, pale Windows inapotunza paswedi, au mtu aliacha kajisahau kwenye mashine ya mkutano, au simu yake inajaribu wifi ya ofisi kwa paswedi ya mwezi uliopita. Mwenye nayo hana habari kabisa, yeye anaapa hajakosea na kweli hajakosea.

Kama ni erra 5 kwenye folda kwanza jiulize kama anatakiwa kweli kuifungua, maana kuna wakati kukataliwa ndo sahihi na mtu anataka tu kuchungulia. Kama anatakiwa, kumbuka kuna milango miwili, ruhusa za sheya, yaani za kuifikia folda kwa mtandao, na ruhusa za NTFS, zile zilizowekwa kwenye diski kwa folda lenyewe, na akipita kwa mtandao anapata ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Fundi anaongeza kwenye NTFS mpaka basi na sheya imebaki Read, mtu anafungua ila hawezi kusevu, anasema "inafunguka nusu". Wapo wanaoacha sheya wazi alafu wanabana vizuri kwenye NTFS, hiyo haina neno, mradi upande mmoja umebanwa kwa akili. Ila Deny, ile tiki ya kukataza, mi naichukia. Mtu anataka kumzuia mmoja anaenda kutiki Deny kwenye grupu la Domain Users ambalo na bosi yumo, na mhasibu yumo, na yeye fundi mwenyewe yumo, na Deny iliyowekwa palepale inashinda Allow zote. Usimpe ruhusa tu inatosha, Deny ya nini.

Na hili la grupu linachekesha kidogo. Fundi kamuongeza dada wa uhasibu kwenye grupu la uhasibu, kila kitu sawa, dada anajaribu, denied. Anaongeza tena mahali pengine, denied. Hapo ndo anapokata tamaa anaweka Everyone. Kumbe orodha ya magrupu ya mtu inatengenezwa wakati anaingia, ikishatengenezwa haibadiliki mpaka atoke aingie upya, na kutoka ni kutoka kweli, siyo kufunga skrini kwenda kunywa chai. Andika whoami /groups kwenye mashine yake, kama grupu jipya halionekani pale basi bado, mwambie asaini out aingie tena. Wenye laptop wanaoingia wakiwa mbali na ofisi ndo wanasumbua zaidi, mashine inawaingiza kwa kumbukumbu iliyotunza na grupu jipya haliwezi kuwemo kwenye hiyo kumbukumbu.

Faili moja likigoma na mengine kwenye folda hiyohiyo yanafunguka, huenda mtu alilikata akalibandika kutoka folda nyingine kwenye diski ileile, hapo linaweza kuja na ruhusa zake za kule lilikotoka. Ukilikopi badala ya kulikata linachukua za nyumba mpya. Na ukiona erra 1219 usiogope, hiyo ni kwamba mtu tayari ameunganishwa kwenye seva ileile kwa jina jingine, piga net use uone miunganisho yake, futa ile ya zamani, jaribu tena.

Zile herufi za diski za mtandao, akina S na H, zinazokuja kwa sera za Group Policy, yaani mipangilio ambayo seva inaisukuma kwenye mashine zote, kama hazitokei kwa watu wote na ruhusa unaona ziko sawa, kuna historia. Juni 2016 Microsoft walitoa sasisho la usalama, MS16-072, ambalo lilifanya sera za yuza zisomwe kwa kutumia akaunti ya mashine. Adimini aliyekuwa ameondoa Authenticated Users, yaani kila akaunti iliyotambuliwa, ya mtu na ya mashine, kwenye sera akabakiza grupu la watu tu, sera zake zikakata. Miaka imepita na mpaka leo mtu akitengeneza sera mpya anarudia kosa hilohilo. Irudishe Authenticated Users, au Domain Computers, kwa Read tu, inarudi.

Maofisi yasiyo na domeini, yale ya mashine nne na swichi moja, nayo yana kilio chake. Zamani ulikuwa unashea folda bila paswedi yoyote maisha yanaendelea, toka Windows 10 toleo la 1709 kuingia kama mgeni kumezimwa kwenye matoleo ya Enterprise na Education na SMB ya kwanza haiji tena kwenye usakinishaji mpya, na Windows 11 toleo la 24H2 limekaza zaidi. Ndo maana ile mashine ya fotokopi iliyokuwa inaskani moja kwa moja kwenye folda ya sekretari imegoma siku mliyonunua kompyuta mpya. Youtube imejaa watu wanakufundisha kuzima ulinzi wote ili ifanye kazi, msiwafuate tafadhali. Tengeneza akaunti moja kwenye kompyuta ya sekretari kwa ajili ya ile mashine tu, iwe na paswedi maana akaunti isiyo na paswedi Windows haikubali iingie kwa mtandao, ipe ruhusa ya kuandika kwenye folda moja, jaza hayo kwenye fotokopi. Kama fotokopi ni ya zamani mno haijui SMB mpya, iskani kwenye flashi.

Mabosi na nyie mna sehemu yenu. Mtu akihama idara barua yake ya uhamisho ifike na kwa mtu wa IT, siyo tujue pale anapoanza kulalamika, au mbaya zaidi pale asipolalamika kwa sababu bado anafungua mafaili ya kule alikotoka. Na ile akaunti ya "mapokezi" inayotumiwa na watu watano, mmoja akikosea paswedi wote wanafungiwa nje na foleni inasimama, na hela ikipotea kwenye sistimu nani atasema ni nani.

Kwenu mnaokaa kaunta ombi langu ni dogo. Kile kiboksi kikitokea msibonyeze OK haraka haraka kama kinawachoma, kipigeni picha na simu, kionekane chote pamoja na namba ya erra, na ile saa na tarehe ya pembeni chini ionekane, alafu andikeni ni mashine ipi na nani alikuwa anajaribu kuingia. Nitumieni kabla sijapanda bodaboda, maana kuna siku ninachotakiwa kubeba ni betri tu.

Fundi kompyuta,
Morogoro